NJIA ZA BAISKELI NI HAKI YA MVUJAJASHO

MWEZI Oktoba 1967, Mwalimu Julius Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kuunga mkono Azimio la Arusha. Tunalikumbuka tukio hilo si kwa kujivunia historia tu, bali kwa kuwa linatufundisha kwamba barabara ni mali ya anayekwenda kwa nguvu zake mwenyewe sawasawa na ilivyo mali ya mwenye gari. Anayesimama alfajiri kando ya barabara kuu hapa Buhongwa ataona jinsi fundisho hilo lilivyosahauliwa.

Atawaona muuza maziwa na madumu yake, mchuuzi wa dagaa, mwashi na mwanafunzi, wote juu ya baiskeli, wakielekea Mkolani, Nyegezi, Mkuyuni na mjini. Lami wamewaachia mabasi na malori. Wao wamebakiwa na ukingo na mchanga, na honi inapolia nyuma yao hawana budi kukimbilia mtaroni. Mwenye mzigo hawezi kukimbia. Kila siku mvujajasho huyu anaiweka roho yake rehani ili watoto wake wapate kula.

Wako watakaosema kwamba baiskeli ni chombo cha zamani na kwamba huu ni wakati wa pikipiki. Hatukubaliani nao. Kanda ya Ziwa imejengwa kwa baiskeli. Kabla ya pikipiki kuenea, baiskeli ndizo zilizobeba abiria na mizigo yao, na watu wa huku wakaziita daladala. Jina lenyewe la bodaboda lilianza na baiskeli zilizovusha watu mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda. Taifa letu nalo liliwahi kutengeneza baiskeli za Swala katika kiwanda cha Dar es Salaam. Chombo kisichohitaji petroli ya kununuliwa kwa fedha za kigeni hakiwezi kuitwa cha zamani.

Jambo hili linawahusu pia ndugu zetu wa visiwani. Mkazi wa Ukerewe anayeshuka bandarini Mwanza na baiskeli yake anaacha usalama melini. Kisiwani kwenyewe, barabara ya kutoka kivuko cha Rugezi hadi Nansio inastahili njia hiyo hiyo. Na tangu Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilometa 3, lilipofunguliwa Juni 2025, mtu wa Sengerema hangoji tena kivuko. Anavuka wakati wowote. Lakini daraja zuri haliwezi kumsaidia mwendesha baiskeli ikiwa kutoka Usagara hadi mjini hana pa kupita.

Ndiyo maana hatudai kipande cha njia hapa na kipande kule. Tunadai mtandao. Njia inayokatika katikati ni mtego, kwa sababu humtoa mtu penye usalama na kumtupa penye hatari bila kumwonya. Chanzo cha ukatikaji huo kinajulikana. Barabara kuu ziko chini ya TANROADS, za mitaa na vijiji ziko chini ya TARURA tangu 2017, na safari moja ya baiskeli kutoka mjini hadi Busisi hupita katika Jiji la Mwanza, Misungwi na Sengerema. Kila mmoja akichora ramani yake peke yake, njia haziwezi kukutana. Ni wajibu wa uongozi wa Mkoa kuwaketisha wote kwenye meza moja.

Hata hivyo, wananchi tusingoje kuletewa. Wenzetu wa Dar es Salaam waliunda UWABA, umoja wa waendesha baiskeli, na kwa kujitolea wamefanya misafara barabarani na kubisha hodi katika ofisi za serikali. Huko Uholanzi, mwaka 1971 ajali za barabarani ziliua watu zaidi ya 3,000, wakiwamo watoto zaidi ya 400. Wazazi waliingia barabarani kupinga mauaji hayo. Njia za baiskeli zinazosifiwa leo nchini humo hazikushuka kutoka mbinguni, zilidaiwa.

Tutaulizwa kuhusu fedha. Jibu letu ni kwamba njia ya baiskeli ikichorwa pamoja na barabara, gharama yake ni ndogo. Ikikumbukwa baada ya lami kukauka, ndipo huwa mzigo, maana huhitaji kubomoa na kufidia. Tutaulizwa pia kuhusu meza za biashara na pikipiki zitakazovamia njia hizo. Hilo ni kweli, nalo limetokea Dar es Salaam. Dawa yake ni kuwapatia wafanyabiashara wadogo mahali panapofaa, kisha kuilinda njia kwa sheria.

Kwa hiyo tunatoa mwito kwa wananchi wa Buhongwa, Usagara, Sengerema na Ukerewe: undeni kamati za kujitolea, hesabuni baiskeli zinazopita, andikeni mahali ajali zinapotokea, mpeleke taarifa hizo kwa madiwani wenu. Na kwa maofisa tunasema: msiidhinishe mchoro wa barabara usioonyesha njia ya baiskeli. Dini inatufundisha kwamba kuondoa udhia njiani ni sadaka. Kwa mtumishi wa umma si sadaka, ni kazi anayolipwa mshahara kuifanya.