Fedha za haidrojeni zisitolewe bila masharti

Mkulima wa Kakamega anapotia mbolea shambani mwake, ni nadra afikirie kwamba sehemu kubwa ya mbolea hiyo hutoka ng'ambo, ilikotengenezwa kwa gesi asilia. Vita vya Ukraine vilipozuka mwaka 2022, bei yake ilipanda kupindukia, na serikali ikalazimika kutoa ruzuku. Kwa hivyo mpango wa haidrojeni uliozinduliwa Nairobi Septemba 2023 haustahili kuachiwa mawaziri na mabalozi peke yao.

Walimu wa kemia watatuthibitishia kwamba umeme ukipitishwa majini hutenga haidrojeni na oksijeni. Haidrojeni ikiunganishwa na naitrojeni ya hewani hupatikana amonia, ambayo ndiyo msingi wa mbolea. Umeme huo ukitokana na mvuke wa ardhini wa Olkaria, hatutahitaji gesi ya kigeni wala hatutachafua anga. Mpango huo unakusudia kwamba kufikia mwaka 2027 mbolea ya humu nchini ichukue nafasi ya takriban asilimia 20 ya mbolea ya naitrojeni tunayoagiza.

Je, nani atagharamia? Umoja wa Ulaya ulitangaza msaada wa euro milioni 12. Fedha hizo zafaa kwa maandalizi, lakini kiwanda kikubwa huhitaji mamia ya mamilioni ya dola. Mtaji huo hauna budi kutoka kwa wawekezaji wa kibinafsi, nao huomba umeme wa bei nafuu, msamaha wa kodi na dhamana ya serikali. Kuwasaidia si kosa. Kosa ni kuwasaidia bila kudai chochote.

Sisi wa Kakamega hatuhitaji kufundishwa jambo hili. Kampuni ya sukari ya Mumias ilianzishwa kwa mtaji wa umma, na mwaka 2001 hisa zake zikauzwa kwa wananchi. Ilifikia hata kuzalisha umeme kwa makapi ya miwa. Ilipoyumba, serikali iliitilia mabilioni ya shilingi, na bado mwaka 2019 ikawekwa chini ya mrasimu. Wakulima waliachwa wakidai malipo ya miwa yao.

Kwa hivyo, kila mkataba wa haidrojeni uchapishwe, wananchi wausome. Hasara isiwe ya umma na faida ya mwekezaji. Tena sehemu ya mbolea iuzwe kwanza kwa wakulima wetu, kwa bei iliyokubaliwa mapema.

Wako watakaosema kwamba masharti huwafukuza wawekezaji. La hasha! Mwekezaji wa kweli huogopa zaidi sheria zinazobadilika kila uchaguzi kuliko masharti yaliyo wazi tangu mwanzo.

Wanafunzi walio darasani leo ndio watakaolipa madeni ya dhamana hizo. Wana haki ya kuuliza maswali sasa, kabla ya wino kukauka. Majuto ni mjukuu.