Mbwa Atetemekaye kwa Ngurumo Si Mwoga

Huko Port Bell, bandari ya Kampala iliyo jirani na Luzira, ngurumo si jambo geni. Ziwa Viktoria ni miongoni mwa mahali panapopigwa radi nyingi mno duniani, na dhoruba zake aghalabu huzuka usiku, kwani maji hubaki na joto ilhali nchi kavu imekwisha kupoa. Saa hizo ndizo mbwa anapotazamiwa ailinde nyumba. Naye huonekana amejibanza uvunguni mwa kitanda, akitetemeka. Baadhi ya watu humcheka, na wengine humchapa wakidhani wamtia ushujaa.

Hali hiyo ni maradhi. Sikio la binadamu hukoma kwenye mitetemo 20,000 kwa sekunde; la mbwa hufika yapata 45,000. Hofu imshikapo, moyo humwenda mbio, hutweta, hudondokwa na mate, hukataa chakula, na pengine huhara. Katika utafiti uliotangazwa Marekani mwaka 2005, mbwa wenye hofu hiyo walisikilizishwa ngurumo zilizonaswa katika kanda. Homoni ya kotisoli katika mate yao ilipanda zaidi ya mara mbili, na baada ya dakika 40 ilikuwa haijashuka kama awali. Basi mbwa apatwaye na hofu usiku baada ya usiku wakati wa masika hapati nafasi ya kupumzika. Wengine huvunja kucha na meno wakikwaruza milango, au huruka ua wakagongwa na magari.

Mbwa mzee aanzaye kuogopa ghafla apelekwe kwa daktari wa mifugo, maana huenda viungo vinamuuma, na kila ashtukapo maumivu huzidi.

Askari ajua kwamba mwenzake aliyeshtushwa na mizinga hatibiwi kwa fimbo. Vivyo hivyo mbwa asipigwe, wala asifungwe mnyororo nje. Atengewe pembe yenye giza ndani ya nyumba, madirisha yafungwe, na redio ilie kwa sauti ya chini. Kumbembeleza hakumharibu. Wakati wa kiangazi azoezwe kwa kanda ya ngurumo: sauti ianze kwa unyonge, apewe kipande cha nyama, kisha iongezwe kidogo kidogo kwa muda wa majuma kadhaa. Hofu ikizidi, daktari wa mifugo aweza kumpa dawa ya kutuliza. Zile za binadamu zilizomo kabatini asipewe kamwe.