MASTAA ACHENI KUWADANGANYA WAZAZI NA KAMERA ZENU ZA MAMILIONI!

Kuna mwanadada mmoja maarufu hapa mjini, jina kapuni, kila wiki anaposti picha za mwanae akikimbizana na mbwa ufukweni. Picha kali kinoma! Hadi punje za mchanga zinaonekana zimeganda hewani. Chini yake anaitangaza kamera ya mamilioni, eti ndiyo siri.

Siri gani? Siri ni jua! Saa sita mchana, jua la utosi, hata kamera ya mtumba yenye lenzi ile ya 18-55 inayokuja kwenye boksi inapiga 1/800 ya sekunde bila kutoa jasho. Kwa kasi hiyo mbwa anaganda, mtoto anaganda, kila kitu kinaganda. Hilo dada halisemi, maana halina mauzo.

Anayeumia ni mama wa watu aliyetoa hela ya kikoba akanunua bodi ileile. Birthday ya mwanae inafanyika sebuleni, saa mbili usiku, taa moja juu ya dari. Mtoto anachomoka mbio kuifuata keki, paka naye anakatiza. Bonyeza! Ukungu mtupu.

Hesabu yake haihitaji chuo. Mtoto anayekimbia mita 3 kwa sekunde, ukimpiga kwa 1/60, anasogea sentimita 5 kabla shata haijafunga. Sura lazima ifutike. Mpige kwa 1/500, anasogea milimita 6 tu. Lakini kasi hiyo inataka mwanga, na mwanga unaingilia kwenye lenzi, sio kwenye bei ya bodi wala wingi wa megapikseli. Lenzi ya boksi ukiivuta mwisho inabaki na tundu la f/5.6. Lenzi ya 50mm f/1.8, ambayo ni miongoni mwa lenzi za bei rahisi kabisa, inaingiza mwanga karibu mara 10 ya huo. Sebule ileile, taa ileile, kutoka 1/60 unafika 1/500.

Simu nazo ni hivyohivyo. Ile hali ya usiku inakusanya mwanga kwa muda mrefu, kwa hiyo inafaa kwa keki iliyotulia, sio kwa mtoto anayeirukia.

Haki isemwe, kamera mpya zina jambo lao. Tangu 2019 Sony wameweka teknolojia ya kufuata jicho la mnyama, na wengine wakafuata. Hiyo inasaidia kweli, maana kwa f/1.8 ukikosea fokasi kidogo tu, sikio linakuwa kali na jicho ukungu. Lakini kufuata jicho hakuongezi mwanga sebuleni. Na kamera nyingi za zamani zinafuata kitu kinachotembea, ila kuna mpangilio wa kuwasha: Canon wanauita AI Servo, Nikon na Sony wanauita AF-C. Wangapi wameambiwa hivyo dukani?

Halafu kuna kaka mmoja wa kupiga picha za sherehe, naye jina kapuni. Anakuja na lenzi ndefu kama bomba, anachukua advansi, analeta picha za ukungu, kisha anamlaumu mtoto eti mtundu! Kaka, mtoto wa mwaka mmoja ulitaka akae kama picha ya pasipoti? Kazi yako ni kumkimbiza, umelipwa kwa hiyo. Birthday ya kwanza hairudiwi, na advansi yako haimrudishii mama siku ile.

Kwa hiyo mzazi, kabla hujavunja kibubu, uliza swali moja tu dukani: lenzi hii ni f ngapi? Muuzaji akianza kukuimbia megapikseli, aga uondoke. Na nyie mastaa, mkiposti picha, semeni na saa mliyopiga.

Wadau, nani kashalizwa na kamera ya staa? Tiririka hapo chini.