Betri Ndogo Itunzayo Saa ya Kompyuta

Saa ya ukutani ikisimama, kila mtu nyumbani huiona. Saa iliyomo ndani ya kompyuta hufa kimyakimya. Baba huwasha mtambo alfajiri ili aandike barua ya kuomba likizo. Mama huja baadaye kuingiza hesabu za duka. Na yote mawili huhifadhiwa kwa tarehe ya miaka mingi iliyopita. Hata tovuti ya benki yaweza kukataa kufunguka, kwa kuwa mtambo huona kana kwamba cheti cha usalama cha benki hakijaanza kutumika. Wengi hudhani kompyuta imekufa, kumbe imechoka betri ndogo mfano wa kifungo cha koti.

Kompyuta ya IBM iliyotoka mwaka 1981 haikuwa na betri hiyo, hivyo mtumiaji aliulizwa tarehe na saa kila alipoiwasha. Mwaka 1984 kampuni hiyo ilitoa mtambo wenye saa yake na betri ya kuiendesha hata umeme ukizimwa. Tangu hapo desturi hiyo imeenea. Betri hudumu miaka kadhaa, lakini katika nyumba ambamo kompyuta huchomolewa ukutani kila usiku, au umeme hukatika mara kwa mara, huisha mapema zaidi.

Katika kompyuta nyingi za mezani betri hiyo huandikwa CR2032. Tarakimu hizo ni vipimo vyake: upana milimita 20, unene milimita 3.2. Nguvu yake ni volti 3. Yafaa kununua yenye namba ileile, ikiwa bado ndani ya pakiti yake. Kompyuta za mapajani nyingi zina betri yenye waya, nayo hufichwa ndani sana; kazi hiyo aachiwe fundi.

Kabla ya kufungua kitu chochote, mipangilio ionekanayo katika ukurasa wa kuanzia wa mtambo iandikwe au ipigwe picha, kwani yaweza kufutika. Ikiwa diski imefungwa kwa siri, ufunguo wake wa akiba utafutwe kwanza na kuandikwa, maana mtambo waweza kuudai baadaye. Kisha kompyuta izimwe, waya wa umeme uchomolewe, na kitufe cha kuwashia kibonyezwe kwa sekunde chache ili umeme uliosalia utoke.

Skrubu zikifunguliwa na ubavu wa sanduku ukiondolewa, mtengenezaji aguse kwanza chuma cha sanduku, ili umeme wa mwilini usiharibu vipuri. Betri itaonekana kwenye ubao mkuu, iking'aa kama sarafu. Upande wenye alama ya kujumlisha mara nyingi hutazama juu, aukariri. Kishikizo cha pembeni kikisukumwa polepole, betri huinuka yenyewe. Mpya ishikwe kwa kitambaa kikavu, ilazwe kama ilivyolala ya kwanza, na ibonyezwe hadi ikae sawasawa. Sanduku likifungwa na umeme kurudishwa, tarehe, saa na mipangilio mingine husahihishwa. Kazi yote haifiki nusu saa.

Hata hivyo kazi haijaisha, kwa sababu betri kuukuu bado iko mezani, na mtoto atambaaye yuko sakafuni. Betri iliyoshindwa kuendesha saa bado ina nguvu ya kutosha kuunguza koo. Ikikwama katika umio, umeme wake hugeuza majimaji ya mwili kuwa kitu kikali mfano wa magadi ya kutengenezea sabuni, na katika muda wa saa 2 tu nyama ya ndani yaweza kuungua vibaya. Watoto wamepoteza maisha kwa njia hiyo. Mwaka 2022 Marekani ilitunga sheria ya kulazimisha vifuniko imara kwenye vifaa vya nyumbani vitumiavyo betri hizo.

Mtoto aliyemeza betri aweza kutokwa na mate mengi, kukohoa, kutapika, kukataa chakula au kushika kifua. Pengine asioneshe dalili yoyote. Ikidhaniwa tu kwamba ameimeza, apelekwe hospitali papo hapo akapigwe picha ya eksirei. Asitapishwe. Mtoto aliyepita umri wa mwaka 1, akiwa aweza kumeza na saa 12 hazijapita, apewe asali vijiko 2 vya chai kila baada ya dakika 10, isizidi mara 6, huku safari ikiendelea. Asali hupunguza kuungua. Haichukui nafasi ya daktari, wala safari isicheleweshwe kwa kuitafuta.

Kwa hiyo betri kuukuu ifungwe kwa utepe wa kunata pande zote mbili mara itokapo, itiwe katika kopo lenye kifuniko, na kopo liwekwe juu kabisa hadi lipelekwe mahali panapokusanywa betri zilizokwisha. Isitupwe motoni, maana yaweza kupasuka. Na pakiti ya betri mpya zilizobaki ikae pamoja na dawa, mahali pasipofikiwa na mkono mdogo. Mdharau mwiba mguu huota tende.