Karatasi ya Mahudhurio Isigeuzwe Ridhaa

Tahadhari hii ni kwa wakazi wa kijiji chochote cha Tanzania ambacho mkutano wake mkuu ujao una ajenda ya mwombaji wa leseni ya kuchimba madini au kupasua kokoto jirani na makazi. Leseni ikishatoka, mara nyingi kinachobaki ni kuvutana juu ya fidia. Nafasi ya kulizuia chimbo, au kulisogeza mbali na nyumba, ni sasa, kabla muhtasari wa kikao haujapelekwa wilayani.

Anzeni na ile karatasi inayozungushwa mkutanoni. Watu huandika jina, kitongoji na saini wakijua wanaonesha tu kwamba walifika. Karatasi hiyohiyo ikibanwa nyuma ya muhtasari unaosema "wananchi wameridhia", kila saini iliyomo itasomeka kuwa ni ndiyo. Kabla hujasaini, hakikisha juu yake pameandikwa kwa wino "MAHUDHURIO TU", pamoja na tarehe. Kura zihesabiwe hadharani, waliokubali wangapi na waliokataa wangapi. Muhtasari usomwe kwa sauti watu wakiwa bado wamekaa, na kijana mwenye simu aupige picha ukurasa kwa ukurasa.

Kisha angalieni umbali. Sheria ya Madini ya mwaka 2010, kifungu cha 95, inamzuia mwenye leseni kufanya kazi ndani ya mita 200 kutoka kwenye nyumba ya watu bila ridhaa ya maandishi ya mkaaji halali wa eneo hilo. Ridhaa hiyo ni ya mkaaji mwenyewe. Mwenyekiti wala mtendaji hawezi kukusainia. Tafuteni futi kamba, pimeni kutoka bikoni ya eneo linaloombwa hadi ukuta wa nyumba ya kwanza, mwandike mlichopata mbele ya mashahidi.

Lakini msikatae kwa hasira tupu. Sheria hiyohiyo inaruhusu sharti la ridhaa kuondolewa ikionekana imezuiliwa bila sababu ya msingi. "Hatutaki" peke yake haitawafikisha mbali. Ingizeni sababu kwenye muhtasari moja baada ya nyingine: shule iko umbali gani, kisima kinahudumia kaya ngapi, mifugo inapita wapi, makaburi yako upande gani.

Ombeni pia kuona ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira, inayotakiwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Mkiambiwa ipo ofisini, someni kurasa za maji, vumbi na baruti. Ulizeni baruti zitapigwa saa ngapi na nani atatoa tangazo. Ulizeni karasha, yaani mashine ya kusaga mawe, itakaa upande gani wa upepo. Vumbi la mawe yenye silika huharibu mapafu, ugonjwa wake hauna tiba, na humweka mtu kwenye hatari zaidi ya kifua kikuu. Na hatari si silika tu: huko Zamfara, Nigeria, mwaka 2010, watu walisaga mawe ya dhahabu majumbani bila kujua yana madini ya risasi. Inakadiriwa watoto wapatao 400 walikufa.

Msijipe moyo kwamba serikali itaadhibu baadaye. Mwaka 2009 maji yenye tindikali kutoka mgodi wa North Mara yaliingia Mto Tigithe. Mwaka 2019 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) liliutoza mgodi huo faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uchafuzi wa mazingira. Faini ya kiasi hicho inatisha kwenye vichwa vya habari, lakini haisafishi maji yaliyokwisha kunywewa.

Mtaambiwa mradi unaleta ajira, na huenda ni kweli. Kumbukeni tu kwamba halmashauri inayopokea muhtasari wenu ndiyo itakayokusanya ushuru wa huduma. Si lazima iwe na nia mbaya, ila ina maslahi.

Wiki hii, kila kaya ipige picha kuta zake zote, ndani na nje, tarehe ionekane. Teremsheni kamba yenye jiwe hadi chini ya kisima, mpime urefu wa sehemu iliyolowa. Kuta zikipasuka au maji yakishuka baada ya baruti kuanza, bila kumbukumbu hizo mtaambiwa nyufa zilikuwepo na kisima kilikuwa hivyohivyo tangu zamani.

Na kama muhtasari umeshaondoka kijijini, andikeni barua ya pingamizi leo. Ipelekeni kwa Afisa Madini Mkazi, nakala kwa Mkurugenzi wa halmashauri na ofisi ya NEMC ya kanda. Msitoke ofisini kabla nakala yenu haijagongwa muhuri wa mapokezi, kwa sababu barua isiyo na muhuri ni rahisi kuambiwa haikufika.