Daktari wa meno wa Kyerwa atatoka wapi?



Usafi wa kinywa ni jambo ambalo Muislamu hahitaji kushawishiwa. Mtume (s.a.w.) aliuhimiza mswaki kiasi kwamba, lau si kuchelea kuutia umma wake katika mashaka, angeuamrisha kwa kila Swala. Lakini mswaki ni kinga. Jino likishaoza hadi ndani, likatunga usaha na shavu likavimba, mswaki hautibu tena. Hapo anatakiwa mtu aliyeisomea kazi hiyo, na mtu huyo hashuki kutoka mbinguni. Huchaguliwa miongoni mwa vijana wengi, akasomeshwa miaka mitano chuoni, kisha akafanya mazoezi ya kazi mwaka mmoja chini ya usimamizi. Leo tuangalie anavyochaguliwa, maana namna ya kumchagua ina sehemu kubwa katika kuamua atakwenda kumhudumia nani.

Ukubwa wa tatizo

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya mwaka 2022 inaeleza kuwa watu wapatao bilioni 3.5, karibu nusu ya wanadamu wote, wana maradhi ya kinywa na meno. Hapa kwetu Tanzania ni jambo lisilofichika kwamba madaktari wa meno wengi wamejazana mijini, hasa Dar es Salaam. Sensa ya mwaka 2012, mwaka ule ule ambao Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe, ilihesabu watu 332,020 Karagwe na 321,026 Kyerwa. Hao ni zaidi ya laki sita na nusu, na tangu hapo wameongezeka.

Sasa jiulize, wewe uliyeko Murongo, Kaisho, Nkwenda, Nyaishozi au Ihembe: jino lilipokusumbua mara ya mwisho, ulikwenda kwa nani? Wapo wanaovumilia kwa vidonge vya dukani na karafuu, wakingoja pesa ya kahawa ndipo waende hospitali. Wakifika, jino ambalo lingezibwa halina dawa tena isipokuwa kung'olewa.

Kuna na balaa jingine, nalo ni hili linaloitwa "meno ya plastiki", ambayo majirani zetu wa Uganda huyaita ebino. Mtoto mchanga anapata homa na kuharisha, mtu anamfungua kinywa, anaona vivimbe vyeupe kwenye ufizi, anasema hayo ndiyo maradhi. Vivimbe hivyo ni machipukizi ya meno ya utoto ambayo hayajatoka, na havina kosa lolote. Vinachokolewa kwa kifaa kisicho safi, mtoto anatoka damu, anaweza kupata pepopunda au sumu kuingia kwenye damu, na chipukizi la jino la ukubwani lililo chini yake linaweza kuharibika. Wakati huo malaria au kuhara kulikoleta homa hakujatibiwa. Mtoto huyo alihitaji kipimo cha malaria, maji yenye chumvichumvi na vidonge vya zinki.

Kumwondoa mama katika imani hii kunataka mtu anayeaminika, anayeweza kukaa naye na kumweleza kwa Kinyambo kwa nini chipukizi la jino haliui. Bango la ukutani haliwezi kazi hiyo. Ndiyo maana suala la nani anachaguliwa kusomea meno linatuhusu sana sisi wa Karagwe na Kyerwa.

Mwombaji huchaguliwaje?

Mafunzo ya shahada ya udaktari wa meno nchini yalianza mwaka 1979 pale Muhimbili, enzi ikiwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Muhimbili ikawa chuo kikuu kamili mwaka 2007, ndicho MUHAS tunachokijua, na kwa miaka mingi kilikuwa chuo pekee nchini kinachotoa shahada hiyo.

Anayesimamia sifa za kujiunga ni Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Kuanzia udahili wa mwaka 2010 maombi yote yalipita katika mfumo mmoja wa pamoja wa TCU. Mwaka 2017 utaratibu ukabadilika, na tangu hapo mwombaji hupeleka maombi moja kwa moja chuoni. TCU hutoa kitabu cha mwongozo kila mwaka, na aliyechaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja hutakiwa kuthibitisha kimoja tu.

Kwa miongozo ya miaka ya karibuni, mlango wa kwanza ni Kidato cha Sita. Mwombaji awe amesoma Fizikia, Kemia na Biolojia, na asiwe chini ya D katika kila somo. A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, kwa hiyo kiwango cha chini ni pointi 6. Mlango wa pili ni wa mwenye stashahada ya utabibu, kama ile ya utabibu wa meno, aliyepata wastani wa B au GPA isiyopungua 3.5, na ambaye Kidato cha Nne alifaulu Hisabati, Kemia, Biolojia, Fizikia na Kiingereza kwa angalau D.

Lakini usidanganyike na hizo pointi 6. Hizo humruhusu mtoto kuomba tu. Nafasi ni chache, waombaji ni wengi, na chuo huanza kuchukua kutoka juu kushuka chini. Hakuna usaili. Hakuna anayemuuliza kijana kwa nini anataka meno, ametoka wapi, wala anakusudia kufanya kazi wapi.

Chujio huanza mapema

Wengi hudhani mtoto huchujwa siku matokeo ya Kidato cha Sita yanapotoka. Ukweli ni kwamba huwa amechujwa zamani. Kwa utaratibu uliozoeleka, akiingia Kidato cha Tatu mwanafunzi huweza kuacha Fizikia na Kemia. Katika shule ya kata isiyo na maabara ya kueleweka wala mwalimu wa Fizikia, kuziacha huonekana ndiyo busara, na shule nayo hufurahi kwa kuwa wastani wake unapanda. Siku hiyo, akiwa na miaka kumi na sita, mtoto amefunga mlango wa meno na hakuna aliyemwambia.

Wako na wale wanaofika Kidato cha Tano wakapangwa CBG, yaani Kemia, Biolojia na Jiografia. Wanasoma kwa bidii, wanapata alama nzuri, halafu wanapoomba udaktari ndipo wanapoambiwa hawana Fizikia. Ni msiba mkubwa kwa mzazi aliyeuza mikungu ya ndizi miaka miwili akijua anasomesha daktari.

Pointi zinasema nini?

Tuwe waadilifu. Kuchagua kwa alama za mtihani wa taifa kuna fadhila zake. Mtihani ni mmoja, karatasi haijui jina la baba yako, na mtoto wa mkulima wa Bugene akipata A tatu hakuna wa kumzuia. Mahali ambapo watu huogopa kujuana na "chochote", hilo si jambo dogo. Usaili ungeweza kufungua mlango wa simu za wakubwa.

Hata hivyo alama hupima mambo mawili kwa pamoja: uwezo wa mtoto na shule aliyosoma. B aliyoipata kijana katika shule isiyo na maabara yaweza kuwa imegharimu akili na juhudi zaidi kuliko A ya mwenzake aliyefundishwa na walimu watatu wa Kemia. Zaidi ya hapo, alama haisemi lolote kuhusu mkono. Daktari wa meno hufanya kazi kwa ncha za vidole, ndani ya kinywa chenye giza na mate. Nchini Kanada, hadi mwaka 2019, mwombaji alipewa kipande cha sabuni akichonge kwa kisu kufuata mchoro, ili mkono wake uonekane. Uingereza waombaji hufanya mtihani maalumu wa kufikiri na kisha huitwa kwenye usaili. Sisemi tuige yote hayo. Nasema tu kwamba ziko nchi zilizoona kuwa alama za darasani hazitoshi.

Na lililo kubwa kwetu ni kwamba alama haisemi kama kijana atarudi. Mwaka 2010 WHO ilizishauri nchi, na ikarudia ushauri huo mwaka 2021, kwamba njia mojawapo ya kupata watumishi wa afya vijijini ni kuwadahili kwa makusudi vijana waliokulia vijijini, kwa kuwa hao ndio wenye uwezekano mkubwa zaidi wa kufanya kazi huko. Mfumo wetu haulipi jambo hilo uzito wowote.

Majirani zetu Uganda walijaribu. Mwaka 2005 serikali yao ilianza kutenga sehemu ya nafasi inazozilipia vyuo vikuu kwa mgao wa wilaya. Nia ilikuwa njema, lakini malalamiko yakazuka kwamba wenye uwezo waliowasomesha watoto katika shule kubwa za Kampala na Wakiso walitumia majina ya wilaya za asili yao kuchukua nafasi za wanyonge. Tujifunze hapo: kinachofaa kuangaliwa ni mahali mtoto aliposomea, asili ya babu yake haitoshi.

Nini kifanyike?

Kwa maoni ya safu hii, kiwango cha chini kibaki kile kile kwa wote. Hakuna anayetaka kung'olewa jino na mtu aliyepita kwa huruma. Lakini miongoni mwa waliokwisha kuvuka kiwango hicho, TCU na vyuo watenge sehemu ya nafasi za meno kwa vijana waliosoma Kidato cha Kwanza hadi cha Nne katika shule za kata za halmashauri zenye upungufu mkubwa wa madaktari wa meno. Atakayechukua nafasi hiyo afunge mkataba wa kurudi kutumikia miaka maalumu, na mkataba huo uambatane na ufadhili. Ufadhili wa Samia Scholarship ulioanza mwaka wa masomo 2022/23 ni jambo la kheri, ila nao hufuata waliopata alama za juu kabisa.

Halmashauri nazo zitimize wajibu wao. Daktari wa meno asiye na kiti cha meno, umeme wa uhakika, mashine ya kuchemshia vifaa na dawa za kuzibia atabaki kung'oa tu, na baada ya mwaka ataomba uhamisho. Mtumwe kijana arudi, na nyumbani pawe tayari kumpokea.

Mzazi asingoje sera

Wakati hayo yakisubiriwa, yapo yaliyo mikononi mwetu. Mtoto akifika Kidato cha Pili, nenda shuleni umuulize mwalimu kama ataendelea na Fizikia na Kemia. Kama mwalimu wa Fizikia hakuna, wazazi mnaweza kukaa kikao na kuchangishana kumlipa mmoja wa kujitolea. Michango ya harusi tunaimudu, na hili tutalimudu. Anapojaza fomu ya kuchagua tahasusi, au "kombi" kama vijana wanavyosema, aandike PCB.

Asiyefika Kidato cha Tano asikate tamaa. Stashahada ya utabibu wa meno ni ya miaka mitatu, na vyuo vyake vipo, vikiwemo vya Tanga na Mbeya. Anatakiwa awe amefaulu Kidato cha Nne masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Biolojia na Fizikia. Hapa wazazi wa Kiislamu tuwe macho: A ya Elimu ya Dini ya Kiislamu ni fahari na ina malipo yake kwa Allah, lakini haihesabiwi katika hayo manne. Tabibu wa meno ni mtumishi kamili, na akifaulu vizuri mlango wa shahada uko wazi kwake.

Mwisho, andaeni karatasi mapema. Bodi ya Mikopo hudai cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, na cheti hakitafutwi wiki ya mwisho. Someni mwongozo wa mwaka husika, kwani sifa hubadilika. Na yeyote atakayekuambia anauza nafasi ya chuo, mkimbie.

Ndugu msomaji, mtoto atakayeziba meno ya watu wa Kyerwa miaka kumi na miwili ijayo huenda leo yuko Kidato cha Pili, anafikiria kuacha Fizikia. Muulize leo jioni.

Wabillahi tawfiq.