MAONI: MBUNGE AKIJA, TUMWULIZE HABARI ZA SHERIA



Juzi juzi Mheshimiwa Mbunge alikuja kijijini kwetu na wote tulikuwepo. Alifungua fainali ya mpira, akatoa jezi na mipira, akaenda kutoa pole kwenye nyumba yenye msiba, akala ubwabwa pamoja na wazee, halafu jua lilipoanza kushuka akaondoka. Vumbi la gari lake halijatua tukaanza kusema: "Huyu ndiye mbunge, anatukumbuka." Mimi mwandishi nilikaa benchi la mbele, nikapiga makofi mpaka viganja vikaniuma. Kwa hiyo haya ninayoandika nayasema kwanza kwangu mwenyewe.

Siku ile ile tuliyopiga makofi, ndani ya faili la ofisi ya kijiji ilikuwemo nakala ya sheria ndogo ya moto. Tuliipitisha sisi wenyewe, chini ya mwembe, katika Mkutano Mkuu wa Kijiji. Inasema mtu asichome shamba wala pori bila kuwaarifu majirani na kulima njia ya kuzuia moto, na atakayeunguza mikorosho ya mwenzake alipe. Tuliipeleka wilayani ikathibitishwe. Mpaka leo haijarudi. Kiangazi kilichopita moto wa wawinda panya uliingia katika shamba la mama mmoja mjane wa hapa hapa, ukala mikorosho yake thelathini na kitu. Alipodai fidia akajibiwa: "Sheria yenu ya moto haijapita, nenda kalale." Mama yule alikuwepo siku ya mpira, na hakuna hata mmoja wetu aliyesimama kuuliza kwa niaba yake.

Sasa jamani, mbona hatukuuliza? Nadhani wengi wetu hatujui kwamba jambo lile linamhusu mbunge. Tunadhani mbunge kazi yake iko Dodoma tu, na akija huku amekuja kutusalimia. Si hivyo. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), namba 7 ya mwaka 1982, inaipa Halmashauri ya Kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo. Kwanza wanakijiji wanakutana na kutoa maoni yao, halafu sheria hiyo inapelekwa Halmashauri ya Wilaya ikubaliwe. Isipokubaliwa huko haina meno. Na sheria hiyo hiyo ya 1982 inamfanya mbunge wa jimbo kuwa mjumbe wa Halmashauri ya Wilaya, pamoja na madiwani wetu. Yaani kile kikao ambacho karatasi yetu inakingojea, yeye ana kiti ndani yake! Tulikuwa naye hapa saa nzima nyingi, tukamwomba mpira wa tano.

Nisieleweke vibaya. Sisemi mbunge asije kwenye mpira wala kwenye maziko. Mbunge asiyefika msibani hawezi kujua watu wake wanakufa kwa nini, na asiyekula nasi hajui debe la mahindi limefika bei gani. Kuja ni vizuri, aje na kesho. Ila kuja kwake ni mlango tu, na sisi tunashangilia mlango bila kuingia ndani ya nyumba. Jezi itachanika msimu huu huu. Sheria nzuri itakulinda mpaka mjukuu wako, na mbaya itakuumiza vile vile.

Hebu tutazame mambo matatu ambayo kila mwenye mkorosho ameyaona kwa macho yake.

La kwanza ni stakabadhi ghalani. Mwaka 2005 Bunge lilipitisha Sheria ya Stakabadhi za Ghala, na mwaka 2007 utaratibu ule ukaanza kutumika kwenye korosho hapa Mtwara. Wengine tuliupenda, wengine tuliulalamikia kwa sababu ya kuchelewa kwa malipo na makato mengi, na malalamiko mengine yalikuwa ya haki kabisa. Lakini angalau korosho zikaanza kwenda mnadani kwa kilo na kwa mizani. Kabla ya hapo mwenye njaa alikuwa anawauzia watu wa kangomba kwa bakuli, tena ua likiwa bado mtini. Wapo wanaofanya hivyo hata sasa, kwa kificho.

La pili ni ushuru wa mazao unaokwenda Halmashauri. Zamani ulikuwa unafika asilimia 5. Katika bajeti ya mwaka 2017 ukateremshwa kuwa asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Tupige hesabu. Mtu mwenye kilo 800 za korosho, kilo ikiwa shilingi 2,000, ana mzigo wa shilingi 1,600,000. Asilimia 5 yake ni shilingi 80,000, asilimia 3 ni shilingi 48,000. Tofauti ni shilingi 32,000. Msiseme ushuru analipa mnunuzi, sisi hautuhusu. Mnunuzi hajazaliwa jana, ushuru anaoulipa ameshauondoa kwenye bei anayokupa wewe. Shilingi 32,000 kwa nyumba moja si haba, ni madaftari na sare ya mtoto. Je, nani hapa kijijini aliujua mjadala ule kabla haujakwisha?

La tatu ni la mwaka 2018, nalo ndilo chungu zaidi. Korosho ghafi zikisafirishwa kwenda nje zinatozwa ushuru, na kwa sheria ya wakati ule asilimia 65 ya fedha hizo ilikuwa inarudi kuendeleza zao lenyewe, pamoja na pembejeo. Mwezi wa Juni 2018 Serikali ilipeleka Bungeni mabadiliko ili fedha zote ziingie Mfuko Mkuu wa Serikali. Wabunge wa Mtwara na Lindi walisimama wakapinga kwa sauti kubwa, nasi tuliwasikia redioni. Mabadiliko yakapita. Msimu ulipofika bei za mnadani zikagomewa, na mwezi wa Novemba Serikali ikatangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kulipeleka jeshi kuzibeba. Mengine mnayakumbuka wenyewe, sina haja ya kuyaandika ukutani.

Wapo waliosema baada ya hapo: "Mnaona? Hata wakisema hawasikilizwi, bora walete mipira." Mimi naona kinyume. Wabunge wale walisimama wakiwa na maneno yao, lakini nyuma yao hapakuwa na karatasi za vyama vya msingi. Sisi kama chama hatukupeleka hata barua moja. Muswada wa fedha husomwa wakati wa Bunge la bajeti, linaloanza Aprili na kwisha Juni. Miezi hiyo sisi tuko shambani tunasafisha na kupulizia salfa kuzuia ubwiriunga. Tunapotoka shambani na pua zimejaa unga wa salfa, sheria imeshapita, na tunakuja kuisikia kwenye karatasi ya malipo. Na muswada haupiti kwa siku moja. Unasomwa mara ya kwanza, unapelekwa kwenye kamati ya Bunge, na kamati huita wadau kutoa maoni kabla haujarudi kujadiliwa. Wadau wa korosho ni nani kama si sisi? Mwenye suti wa mjini anayenunua anajulikana kuwa mdau, sisi tunaolima tunajulikana kuwa wapiga kura. Hapo ndipo kabwela anapoachwa nyuma, na mara nyingine anajiacha mwenyewe.

Kosa letu lingine lazima tuliseme. Mkutano Mkuu wa Kijiji unatakiwa kuitishwa kila miezi mitatu, na kila mkaazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi ni mjumbe. Ukiitishwa, watu wanatuma watoto kuchungulia kama kuna posho. Ile siku ya sheria ya moto tulikuwa wachache mno. Siku ya fainali hata wa vijiji vya jirani walikuja. Halafu tunataka wilayani watuone watu wazito!

Basi napendekeza hivi, na naomba lijadiliwe katika mkutano wetu wa wanachama.

Mosi, Katibu wa chama aandike barua kwa Mheshimiwa Mbunge na kwa Diwani, akiambatisha nakala ya sheria ndogo ya moto na muhtasari wa mkutano ulioipitisha, kuuliza imekwama wapi na lini itawekwa mezani.

Pili, kila mwaka kabla ya mwezi wa Aprili, chama chetu kikae na kuandika mambo mawili au matatu kuhusu korosho, ushuru, makato na pembejeo, kumpelekea Mbunge ayachukue Dodoma. Mambo mawili yaliyoandikwa vizuri yanatosha. Manung'uniko ishirini ya mdomoni yanaishia njiani.

Tatu, Mbunge akija tena, iwe mpira, iwe msiba, iwe kuzindua darasa, apewe robo saa ya kutueleza: ni sheria gani zimepita tangu alipokuja mara ya mwisho, yeye alisema nini, na fedha za Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo zimekwenda wapi. Mfuko huo uliwekwa na sheria ya mwaka 2009, na Mbunge ndiye mwenyekiti wa kamati yake, kwa hiyo hatumwulizi jambo la mtu mwingine. Tumwulize kwa adabu, kama watoto wanavyomwuliza baba habari za safari. Akitujibu vizuri tumpigie makofi ya kweli. Akisema hajui, tumwambie tutamngoja na jibu.

Nne, sisi wenyewe twende mikutanoni. Mbunge hawezi kubeba neno ambalo hatujalisema.

Yule mama wa mikorosho ameshaanza kupanda miche mipya kati ya visiki. Mkorosho unachukua miaka mitatu au zaidi kabla haujaanza kumlipa mtu. Kiangazi kingine kiko njiani na majani yatakauka kama kawaida. Tungependa safari hii miche yake iwe na sheria ya kuilinda, au tutampelekea jezi?

Ushirika ni nguvu, na nguvu isiyotumika ni mzigo.

Ni mimi, mwanachama mwenzenu.